Ploti Haihami: Namna ya Kusaka Ardhi ya Familia Yako ya Nairobi kwenye Kumbukumbu za Mtandaoni

Kwa wiki tatu nilimfuata mzee asiye wangu. Jina lake na la babu yangu mzaa mama ni yale yale matatu, herufi kwa herufi. Nilimkuta kwenye matangazo ya serikali ya 1961 akiwa na ploti Eastleigh, nikamkuta tena 1968, na kufikia hapo nilikuwa nimeshampigia mjomba simu mbili za kumpasha habari njema. Kisha likatokea tangazo la mirathi: mwenye ploti alifariki 1974. Babu yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na mimi nilizaliwa 1979.

Tangu siku hiyo jina nalitumia kufungulia mlango tu. Ninachofuata ni nambari ya ploti. Watu hufanana majina, hubadili majina, na makarani huyaandika watakavyo. Ploti haihami.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta historia ya familia: nani aliishi wapi, alipata ardhi lini, aliiacha kwa nani. Kama unataka kurudishiwa ardhi, mtafute wakili. Ukikuta jina la babu kwenye karatasi ya 1958 haina maana kwamba ploti ni yako leo, na mtu anayeikalia sasa huenda aliinunua kwa jasho lake kutoka kwa mtu wa tano tangu babu yako.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee kabla hujakaa na kompyuta

Ukimuuliza mzee "hati ya shamba letu iko wapi?" atanyamaza, au atakutazama kana kwamba umetumwa na mtu. Uliza vitu vidogo. Mjomba alikuwa hana la kusema kuhusu hati, lakini nilipomuuliza barua zao zilikuwa zikipitia wapi, alijibu bila kufikiri.

"Sanduku la duka la Mhindi, pale nyuma ya msikiti. Hata barua yangu ya shule ililetwa hapo."

"Nambari yake unaikumbuka, mjomba?"

Akaitaja kama mtu anavyotaja jina la mwanawe.

Usidharau sanduku la posta. Katika matangazo ya serikali ya Kenya, karibu kila mtu anayetajwa hufuatwa na nambari ya sanduku lake na mji. Jina moja linaweza kuwa la watu arobaini, lakini jina pamoja na sanduku ni la familia moja, au la watu waliochukulia barua dukani pamoja, ambao nao ni majirani wa kuulizwa. Sanduku la yule mzee asiye wangu lilikuwa la Thika. Ningelitazama siku ya kwanza ningeokoa wiki tatu na aibu ya simu mbili.

Kusanya pia majina yote ya mtu mmoja: la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo, la utani, na lile lililoandikwa kwenye kipande, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, ambalo karani alilisikia kwa sikio lake na kuliandika kwa tahajia yake. Uliza majirani wa pande zote mbili walikuwa nani. Uliza kodi ilikuwa ikilipwa kwa nani: kwa baraza la jiji, kwa serikali, au kwa mwenye nyumba.

Kisha omba kuona sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Stakabadhi ya kodi ya jiji, hata iliyochanika, huwa na nambari ya ploti. Cheti cha hisa cha kampuni au chama cha kununua ardhi ni cha thamani vilevile. Miaka ya 1960 na 1970 watu wengi waliingia sehemu za nje ya jiji kwa kununua hisa na kupiga kura za ploti, na mara nyingi hati mama, yaani ya shamba zima kabla ya kugawanywa, ilibaki kwa jina la kampuni kwa miaka mingi. Kwa familia kama hizo, utafute jina la kampuni kwanza, la babu baadaye.

Hatua ya pili: ijue nambari ni ya kabila gani

Ardhi ya Nairobi iliandikishwa chini ya sheria kadhaa, na kila sheria iliacha sura yake ya nambari. Ukiitazama nambari vizuri inakuambia mahali pa kutafuta.

Nambari inayoanza na L.R. 209/ ni ya jiji la zamani, katikati ya mji na viunga vyake. Zinazoanza na 36/ zikifuatwa na nambari ya Kirumi, kama 36/VII/, ni za Eastleigh. Ploti za aina hii mara nyingi huwa na nambari ya pili yenye herufi I.R., maana yake Masijala ya Bara. Hiyo ndiyo nambari ya hati yenyewe, na L.R. ni ya kipande cha ardhi. Ziandike zote mbili. Ukikuta maelezo marefu ya "Volume N" kadhaa, "Folio" kadhaa, "File" kadhaa, umeingia kwenye rejista ya ardhi za serikali ya mtindo wa zamani.

Nambari zenye majina ya mahali, kwa mfano Dagoretti/Riruta/ au Dagoretti/Mutuini/, zina asili nyingine kabisa. Hizo zilitokana na kazi ya kuunganisha vipande vya mashamba na kuviandikisha upya iliyoshika kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Dagoretti wakati huo ilikuwa sehemu ya Kiambu, kwa hiyo karatasi zake za mwanzo zitafute kwa jina la Kiambu. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanaandika Nairobi na hawapati kitu.

Halafu kuna Nairobi/Block, ikifuatwa na nambari ya kitalu na ya ploti. Baadhi ni za miongo mingi, nyingine ni mpya kabisa. Agizo la 2017 liliamuru nambari zote za zamani zibadilishwe ziwe za mfumo mmoja wa vitalu, na kuanzia Desemba 2020 orodha za ploti za Nairobi zilianza kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, nambari ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, pamoja na ukubwa kwa hekta. Kwa mtafuta historia orodha hizo ni daraja: una nambari ya leo kutoka kwa bili ya kodi, unavuka kwenda kwenye ya zamani, na hiyo ya zamani ndiyo inayokupeleka 1930.

Ukubwa nao ni ushahidi. Karatasi za zamani hutumia ekari, za sasa hekta, na ekari 1 ni takriban hekta 0.405. Ploti mbili zenye nambari tofauti na ukubwa ule ule hadi nukta ya tatu, mtaa ule ule, zichunguze kwa karibu.

Hatua ya tatu: ingia kwenye Gazeti Rasmi

Hakuna tovuti moja ambamo unaandika jina la babu na hati zake zote za Nairobi zikajipanga mbele yako. Kinachokaribia faharasa ya namna hiyo ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo sasa jaladani huitwa Kenya Gazette. Lilianza kutoka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, na tangu hapo limekuwa likichapisha hati zilizopotea, mirathi, ardhi zilizotwaliwa, majina yaliyobadilishwa. Miongo mingi ya gazeti hilo imepigwa picha na inasomeka bure kwenye Google Books. Tovuti ya Kenya Law nayo inayo matoleo yake, na kwa ya miaka ya karibuni ndiyo nzuri zaidi. Mimi huanza na Google Books kwa sababu inatafuta neno ndani ya kurasa za miaka mingi kwa mara moja.

Kwenye simu kazi hii inachosha macho. Nenda saiba au azima kompyuta.

Gazeti ni la Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafutia ni ya Kiingereza. Andika jina ndani ya alama za kunukuu, ongeza "Kenya Gazette", kisha punguza miaka kwa kutumia kichujio cha tarehe. Ukishindwa, geuza mpangilio wa majina: karani mmoja anaanza na la baba, mwingine na la mtoto. Kisha jaribu umbo la kikoloni. Mwanamume wa Kiafrika mara nyingi aliandikwa jina lake, herufi s/o, na jina la babake. Mke aliandikwa w/o. Waislamu waliandikwa kwa bin na binti. Mohamed ni Mohammed, ni Muhamad, ni Mahomed. Kariuki aligeuka Karioki, Wambugu akawa Wambogo. Ng'ang'a ndiye anayesumbua kuliko wote, kwa kuwa mashine inayosoma picha za kurasa hizo haielewani na king'ong'o chetu. Jaribu Nganga, Ngang'a, hata Ng ang a.

Mashine hiyo inabidi uelewe tabia zake. Inasoma kurasa zilizopigwa chapa kwa herufi za madini, wino umevuja, karatasi imekunjamana. Namba 1 inaiona kama herufi l, sifuri kama O. Nambari ya Kirumi VII nimeikuta imesomwa V11 na Vll. Jina lililokatwa mwishoni mwa mstari, nusu huku nusu kule, haliungi. Kwa hiyo nambari ya ploti itafute kwa namna tatu nne: ikiwa na L.R. mbele, bila L.R., ikiwa na nafasi, bila nafasi. Ukishaingia kwenye toleo moja, tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya toleo hilo na uandike mtaa peke yake, "Eastleigh" au "Pumwani", kisha pitia kurasa kwa macho. Macho yako bado ni bora kuliko mashine.

Na uwe na daftari. Andika tarehe ya toleo, ukurasa, na nambari ya tangazo, maana kila tangazo lina nambari yake. Andika pia ulichotafuta ukakikosa. Nimewahi kutafuta tahajia moja mara nne kwa miezi miwili kwa kutoandika kwamba nilishaikosa.

Hatua ya nne: soma tangazo kama barua ya familia

Matangazo haya ni makavu, na wasomaji wengi huyapita haraka. Chukua la mirathi. Ni sentensi moja ndefu, lakini ndani yake mna nambari ya kesi, mahakama, majina ya waliofungua maombi, sanduku lao la posta, uhusiano wao na marehemu, jina la marehemu, makazi yake ya mwisho, mahali alipofia na tarehe. Ni nasaba nzima imefungwa kwenye mistari saba. Neno "widow" ni mjane, "son" ni mwana. Ukikuta wajane wawili kwenye tangazo moja na nyumbani uliambiwa alikuwa mmoja, funga kompyuta, unywe chai kwanza.

Maneno ya kuyatafutia ni mawili: "late of". Ndiyo yanayotangulia makazi ya marehemu. Jaribu "late of Pumwani", "late of Dagoretti". Ila kumbuka mtu wa Nairobi mara nyingi huandikwa kwa nyumbani kwao mashambani, hata kama aliishi Kaloleni miaka hamsini. Kwa hiyo tafuta pia kata ya asili. Ukishapata nambari ya kesi, hiyo ndiyo ufunguo wa jalada la mahakama, ambamo huwa mna orodha ya mali na ya warithi ambayo gazeti halikuichapisha.

La pili ni tangazo la hati iliyopotea. Hapa ndipo nambari ya ploti na jina la mwenyewe hukaa mstari mmoja: fulani wa sanduku fulani, ameandikishwa kuwa mwenye ploti fulani iliyo katika jiji la Nairobi, ukubwa kadhaa, hati imepotea, na mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hizi muda ni siku 60. Tafuta "provisional certificate", yaani hati ya muda, pamoja na nambari ya ploti. Kupotea kwa hati kwa mwenyewe ni balaa, kwa mjukuu wake ni bahati, kwa sababu kama isingepotea jina lisingechapishwa.

La tatu ni la kubadili jina. Maneno yake ni "formerly known as". Mtu aliyezaliwa na jina moja, akasilimu au akabatizwa au akaacha jina la ubatizo, alikwenda kwa wakili akaandikisha hati ya kubadili jina (deed poll), na ikatangazwa. Ukoo mzima unaweza kuwa umepotea kwenye mshono huu.

La nne ni la serikali kutwaa ardhi kwa barabara au mradi mwingine. Huwa na jedwali: ploti, mwenye ploti, ukubwa unaotwaliwa. Yapitie hata kama ploti ya babu haimo, kwa kuwa utawaona majirani zake kwa mpangilio wa ardhini.

Sasa majina ya barabara. Karatasi ya 1950 itakupeleka Delamere Avenue na hutaipata kwenye ramani ya simu. Hiyo ni Kenyatta Avenue. Government Road ni Moi Avenue, Hardinge Street ni Kimathi, Victoria Street ni Tom Mboya, Sadler Street ni Koinange, Doonholm Road ni Jogoo Road. Fort Hall ni Murang'a. Na karatasi isiyo na tarehe itazame pesa zake: bei ikiwa kwa rupia, ni kabla ya mageuzi ya 1920, ikiwa kwa florini, una bahati sana, kwani florini ilidumu mwaka mmoja hivi tu kabla ya shilingi kuingia.

Hatua ya tano: jina lisipopatikana

Hapa wengi hukata tamaa, na hapa ndipo historia yenyewe ilipo.

Kwa sehemu kubwa ya ukoloni Mwafrika hakuandikwa kwenye rejista ya hati kwa sababu sheria haikumtambua kuwa na haki ya kuandikwa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth alitamka katika kesi ya Wainaina na Murito kwamba wenyeji walikuwa wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote. Kwa hiyo ukifungua rejista ya viunga vya Nairobi ya miaka ile utakuta majina ya Wazungu, na ya Wahindi kwenye mitaa waliyoruhusiwa. Kutokuwamo kwa babu yako hakusemi kwamba hakuwa na ardhi.

Ndani ya mji ilikuwa hivyo hivyo kwa njia nyingine. Kijiji cha Pangani kilikuwa na nyumba za watu, zilizojengwa kwa pesa za watu, kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Pumwani mtu alimiliki nyumba, lakini udongo ulikuwa wa manispaa. Nyumba ya namna hiyo haina hati ya kutafutwa. Ina orodha za wenye nyumba, barua za malalamiko na stakabadhi, na hizo ziko kwenye majalada ya utawala.

Kuna orodha moja ya ardhi ambayo Waafrika wamejaa tele, nayo ni ya uchungu. Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwanyang'anya ardhi waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, na amri zake zikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, majina kwa majina: mtu, jina la babake, na mahali atokapo. Tafuta "Forfeiture of Lands" kuanzia mwaka huo hadi katikati ya muongo. Niliwahi kumfungulia jirani yangu kurasa hizo kwa sababu nyumbani kwao walilelewa wakiamini babu yao aliuza shamba kwa ulevi. Alilikuta jina kwenye safu ya pili. Hakusema neno, aliomba tu nimchapishie nakala sita.

Kabla ya kufungua kurasa hizo mbele ya familia, jua unayefungua naye. Katika nyumba moja huenda ndugu mmoja alinyang'anywa na mwingine akagaiwa.

Hatua ya sita: rejista yenyewe

Ukishakuwa na nambari unayoiamini, ndipo uende kwenye masijala ya ardhi. Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia Nairobi, unakuruhusu kufungua akaunti kwa kitambulisho na kuomba upekuzi rasmi, ambao watu wa ardhi huuita kufanya sachi. Jibu lake ni la leo: nani ameandikishwa sasa, na ardhi ina deni au zuio gani. Kwa historia hilo halitoshi.

Unachotaka ni nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, au kadi nyeupe kwa ardhi ya kukodishwa. Kadi hiyo ndiyo wasifu wa ploti. Ina safu ya tarehe, safu ya jina, safu ya malipo au sababu, na sahihi ya msajili, mmiliki mmoja chini ya mwingine. Ukiona "zawadi" mahali pa bei, ni baba amempa mwana. Ukiona jina la mtu na la mkewe yakiingia siku moja, ni mtu aliyejua mambo ya dunia. Ukiona mstari wa kwanza ni wa mwishoni mwa miaka ya 1950, ardhi ilitoka kwenye kuunganishwa kwa mashamba, na kilicho kabla ya hapo hakimo kwenye kadi yoyote. Kwa ploti za I.R., historia iko mgongoni mwa hati yenyewe, kila uhamisho ukiwa umeongezwa kama ingizo lenye nambari.

Ramani uiombe Idara ya Upimaji iliyoko Ruaraka, kando ya Thika Road. Ploti iliyogawanywa mara tatu huonekana vizuri zaidi kwenye ramani kuliko kwenye karatasi nyingine yoyote.

Ukizunguka karibu na Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi, utafuatwa na mtu anayesema anaweza kukutolea faili leo leo kwa hela kidogo. Mpe salamu, uendelee na safari.

Hatua ya saba: Nyaraka, halafu kina nyanya

Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya, ambako nusu ya Nairobi hukutania na nusu nyingine hukosana. Wengi hawajapanda ghorofani. Ndani kuna majalada ya wakuu wa wilaya na mkoa, na humo ndimo zinaanguka familia ambazo rejista iliziacha nje: maombi ya vibali vya kujenga, malalamiko ya mipaka, orodha za waliohamishwa. Maktaba ya McMillan, Banda Street, inafaa kwa magazeti ya zamani.

Familia za Dagoretti, Kabete na Kiambu zisiondoke bila kutafuta juzuu za ushahidi wa Tume ya Carter, iliyosikiliza madai ya ardhi kuanzia 1932. Wazee walisimama wakataja mbari (koo) zao, mito, na ng'ombe na mbuzi waliolipiwa ardhi. Humo tafuta jina la mbari na jina la kijito. Mtu mmoja mmoja ni vigumu kumpata.

Kisha rudi mwanzo, uanze tena na wanawake. Karibu kila anayekuja kwangu anatafuta babu. Pangani na Pumwani wanawake wengi walikuwa wenye nyumba: walijenga, walipangisha vyumba, walisilimu na kuchukua majina ambayo nyumbani mashambani hayakujulikana. Wengine waliziacha nyumba hizo kwa watu wasio wa damu yao. Tafuta jina la kuzaliwa, jina la Kiislamu, na neno "alias", yaani kwa jina lingine, linalokaa katikati yake.

Babu yangu nilimpata hivyo. Hakuwa mwenye ploti hata siku moja. Alikuwa kwenye tangazo la mirathi la miaka ya 1980, akiombea usimamizi wa mali ya marehemu dada yake, mwanamke mwenye majina mawili na "alias" katikati, ambaye kwetu alitajwa tu kama yule aliyepotelea mjini. Nyuma ya jina la babu lilifuata sanduku la posta, lile la duka la Mhindi, nyuma ya msikiti.

Nilimpigia mjomba simu ya tatu.